Shajara ya mradi: mti wa neno "gift", kutoka mahari mpaka sumu

Jumapili, naanza

Mradi wenyewe ni chati moja kubwa ya ukutani, saizi ya A1, na ndani yake kuna neno moja tu, gift. Kwa Kiingereza ni zawadi, hiyo kila mtu anaijua. Kwa Kijerumani ni sumu. Kwa Kiswidi, Kinorwei na Kidenmaki ni sumu na hapo hapo ni "ameoa" au "ameolewa", herufi zile zile nne. Kwa Kiholanzi gift ni mchango, kitu kilichotolewa, na sumu wameikata t ya mwisho wakaiita gif. Nafundisha Kijerumani hapa Arusha, wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii, ila siku hizi wameongezeka sana vijana wanaotaka kwenda kufanya unesi Ujerumani, na karibu wote wanaingia darasani na Kiingereza kichwani. Sasa mtu wa Kiingereza akikutana na chupa imeandikwa giftig, yaani yenye sumu, kwenye stoo ya wodi hatakiwi kufikiria zawadi hata kwa sekunde moja. Hiyo peke yake inatosha kunifanya niitengeneze hii chati.

Sababu ya pili ni maelezo yanayozunguka mitandaoni, utayaona kila baada ya muda, kwamba Wajerumani hawaamini zawadi ndiyo maana wakaiita sumu, au kwamba Waswidi wanaona ndoa ni sumu. Watu wanacheka, wanashea, wanaondoka. Mimi yananikera kwa sababu historia yenyewe ni tamu kuliko hicho kichekesho, na inagusa vitu ambavyo mtu wa kwetu anavijua vizuri sana, mahari, dawa, dozi, walii wa ndoa, mpaka limbwata. Ndiyo maana nataka chati iwe ya Kiswahili toka juu mpaka chini.

Jumatatu usiku, vifaa na aina za mistari

Nachora kwa Graphviz, programu ya bure, unaandika tu kwenye faili la maandishi kwamba neno hili limezaa lile na yenyewe inapanga matawi. Rangi tatu: kijani kwa maana ya kutoa, njano kwa ndoa, nyekundu kwa sumu.

Uamuzi mkubwa wa leo ni mistari. Michoro mingi ya ukoo wa maneno ina mstari wa aina moja, wa kuonyesha neno limerithiwa, na kwa gift hiyo haitoshi kabisa. Kuna neno kurithi umbo kutoka kwa wazee wake, kuna lugha kukopa neno zima kutoka kwa jirani, na kuna kukopa maana peke yake, yaani unachukua wazo la lugha ya kigeni unalivalisha neno lako mwenyewe la siku zote. Kwa hiyo mstari mzito ni urithi, mwembamba ni mkopo wa neno, wa nukta nukta ni mkopo wa maana. Ule wa nukta nukta ndio utakaobeba hadithi yote ya Ujerumani.

Jumanne, shina

Shina limekaa. Juu kabisa ni lugha mama ya Kigermani, iliyozaa Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, ambayo haikuandikwa na wenyewe, wataalamu wameijenga upya kwa kulinganisha watoto wake, ndiyo maana maneno yake yanawekwa kinyota mbele: *giftiz. Linatoka kwenye kitenzi *gebaną, kutoa au kupa, ambacho leo ni geben kwa Kijerumani na give kwa Kiingereza. Ni kazi ile ile sisi tunayoifanya tukitoa "pato" kwenye "pata" na "tamko" kwenye "tamka". Wanafunzi huwa wanauliza ile b ya geben imepotelea wapi, nimewawekea mfano pembeni: treiben na Trift kwa Kijerumani, drive na drift kwa Kiingereza, sauti ya mwisho ya kitenzi ikigongana na t inageuka f.

Maana ya kwanza ya neno hili ni "utoaji" au "kinachotolewa", basi. Halisemi kimetolewa nini, halisemi kimetolewa kwa nani wala kwa nia gani. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa katikati ya chati kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo: kila watu walichukua tendo moja la kutoa, lile walilokuwa wanalitaja sana, wakalifungia humo neno lao. Wengine walifungia kutoa binti. Wengine kutoa dawa. Waingereza, pamoja na Waholanzi, ndio walibaki na kutoa kwa jumla, na hata hao Waingereza si kwa njia ya moja kwa moja.

Jumatano, tawi la Uingereza

Wengi wanadhani Kiingereza ndicho kilichobaki na maana ya asili na wengine wamepotoka. Hapana. Kwenye Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi, neno gift au gyft lilikuwa la mambo ya ndoa, yaani kile kinachotolewa kwa ajili ya mke, na kwa wingi lilimaanisha harusi yenyewe. Sheria za mfalme Ine wa Wessex, aliyetawala kuanzia 688 hadi 726, zina kifungu kinachosema mtu akinunua mke halafu hiyo gyft isitimie, basi mali irudishwe na fidia juu. Yaani kesi ya kurudisha mahari! Mzee yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la ukoo huku kwetu, ukimsomea kifungu hicho hatauliza ufafanuzi, atauliza ng'ombe walikuwa wangapi.

Maana ya zawadi ya kawaida ililetwa na Waskandinavia waliovamia na kulowea kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9. Ushahidi uko kwenye sauti. Waingereza wa zamani g iliyo mbele ya i waliitamka kama y, na kweli maandishi ya Kiingereza cha kati yana yive na yift. Kingeachwa kiendelee chenyewe leo madukani kungeandikwa "yift shop". G ngumu tunayoisikia leo ni ya Kinorse, lugha ya Waskandinavia hao, na maana nayo ni ya Kinorse. Nimechora mstari mwembamba kutoka Skandinavia kuingia Uingereza, na mstari mzito wa Kiingereza cha kale nimeuishia kwenye kisanduku cha njano.

Alhamisi na Ijumaa, Ujerumani, hapa nimekaa sana

Hili ndilo pingili la mradi mzima na sitaki kulipitia haraka.

Tuanze na Wagiriki. Kitenzi chao cha kutoa ni didonai, na nomino yake ni dosis, maana yake utoaji, kitu kinachotolewa. Matabibu wa Kigiriki wakalitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa kwa mara moja. Kilatini cha madaktari kikalichukua vile vile, dosis, na kutoka huko likasambaa Ulaya nzima, na kwetu likafika kupitia Kiingereza likawa dozi. Ukienda kituo cha afya ukaambiwa "hakikisha unamaliza dozi", umeambiwa kwa Kigiriki umalize ulichopewa. (Na data unazonunua za simu, hizo ni Kilatini, "vilivyotolewa", kitenzi cha ukoo huo huo. Nimeziweka kwenye kona maana vijana watazipenda.)

Sasa waandishi wa Kijerumani wa zama za kati wanasoma vitabu vya tiba vya Kilatini, wanakutana na dosis, wanatafuta neno la kwao. Dosis ni utoaji, na utoaji kwao ni gift. Wakaliweka. Huo ndio mstari wangu wa nukta nukta, umbo ni la Kigermani na maana imetoka kwa tabibu wa Kigiriki. Kwa hiyo Gift ilianza kama "kitu unachompa mtu anywe", na hakuna ubaya wowote hapo, mgonjwa anapewa, ananywa. Kidogo kidogo likawa linatumika zaidi pale ambapo kilichonyweshwa kimeua, kwa sababu pia lilifaa kama neno la kuficha, la adabu. Na sisi tunafanya hivyo hivyo, mtu akifa ghafla baada ya kula kwa watu utasikia wanasema "alipewa kitu", hakuna anayetaja sumu na kila mmoja ameelewa. Kumpa mtu kitu. Wajerumani walisema hivyo hivyo mpaka ile lugha ya kuficha ikawa ndiyo jina lenyewe.

Ushahidi kwamba njia ni hiyo ya dawa na wala si chuki ya zawadi ni mwingi, nauweka hapa wote kwa sababu kwenye chati hautaenea.

Kwanza, dawa ya kuondoa sumu kwa Kijerumani ni Gegengift, "gift ya kupinga". Kwa Kigiriki ni antidoton, "kilichotolewa kupinga", ni didonai ile ile. Vipande vyote viwili vinalingana.

Pili, kitenzi vergeben. Leo ni kusamehe. Zamani, pamoja na kusamehe, kilikuwa pia na maana ya kumuua mtu kwa sumu, kwa sababu ni "kutoa" pamoja na kile kiambishi ver- ambacho mara nyingi kinaashiria kufanya jambo vibaya au kulifanya moja kwa moja. Kiholanzi nacho vergeven ni kusamehe, na zamani kulisha sumu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, ticha, kwa hiyo mtu akikuambia "nimekuvergeben" ukimbie? Leo hapana, leo ni msamaha tu. Ila swali lake lilikuwa la maana na nimelipa kisanduku chake.

Tatu, jinsia ya nomino. Ile Gift ya zamani ya maana ya zawadi ilikuwa ya kike, die Gift. Ya sumu leo ni das Gift. Die Gift ilizidi kudhoofika mpaka ikafa yenyewe, ikaacha mtoto mmoja anayeishi: die Mitgift, mali anayoondoka nayo bibi harusi kutoka kwa wazazi wake. Kwa hiyo Mjerumani wa leo anatamka Mitgift akimaanisha mali ya harusi wala hashtuki, maana kwake ni neno jingine kabisa. Wanafunzi wakilijua Mitgift wanakumbuka vizuri kwamba shina lilikuwa ni kutoa.

Nne, majirani walipita njia ile ile kwa maneno yao wenyewe, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote. Kilatini potio ni kinywaji, kitu cha kunywa. Kifaransa kikalifanya poison, na Kiingereza kikachukua yote mawili, potion na poison, neno moja lililoingia mara mbili, moja dawa ya kunywa na moja sumu. Kwa Wafaransa poison lilikuwa la kike, la poison, mpaka karne ya 17 ndipo likahamia upande wa kiume. Kigiriki pharmakon, ambalo kwetu limekuja kama famasi, lilikuwa dawa na sumu kwa pamoja. Kilatini venenum, ambalo limezaa veneno ya Kihispania na veleno ya Kiitaliano, wanaisimu wengi wanalihusisha na jina la Venus, mungu wa mapenzi, yaani mwanzoni ilikuwa dawa ya kumvuta mtu akupende. Limbwata! Nimeliandika hivyo hivyo kwenye chati, "venenum: limbwata, halafu dawa, halafu sumu". Na Warumi waliujua utata huo, mwanasheria Gaius wa karne ya 2 aliandika kwamba anayesema venenum anapaswa kuongeza kama ni mbaya au nzuri, kwa sababu hata dawa za kutibu ni venena. Sisi je? Dawa ya malaria, dawa ya panya, dawa ya mbu. Neno moja, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tunataja ni ya nani.

Na kuna toxikon, nimeiweka ingawa imetoka nje ya mti kidogo. Toxon ni upinde. Toxikon pharmakon ni dawa ya upinde, sumu ya kupaka mishale, kitu ambacho Wakamba na Wahadzabe wanakijua mpaka leo. Halafu watu wakaacha kutamka pharmakon, likabaki toxikon, kwa hiyo ulimwengu mzima unaposema kitu ni "toksiki" unachotaja ni upinde, dawa imeangukia njiani.

Sasa lile jambo lililonifanya niinuke kwenye kiti. Paracelsus, tabibu aliyezaliwa 1493 karibu na Einsiedeln, Uswisi, na kufa Salzburg 1541, yeye aliandika tiba kwa Kijerumani wakati wenzake wanaandika Kilatini. Mwaka 1538 aliandika ile kauli ambayo kila mwanafunzi wa famasia anaisikia: vitu vyote ni sumu na hakuna kisicho na sumu, dozi peke yake ndiyo inayofanya kitu kisiwe sumu. Isome kwa Kijerumani chake: "allein die Dosis macht, dass ein Ding kein Gift ist". Dosis na Gift ziko kwenye sentensi moja! Neno la Kigiriki limekaa pembeni ya lile la Kijerumani lililowahi kutumika kulitafsiri, na wakati huo yameshaachana kabisa, moja kipimo na moja sumu. Nimempa Paracelsus kisanduku kikubwa kuliko nilichopanga, na mstari wa nukta nukta unapita ndani yake.

Kuna maelezo mengine ya heshima ambayo sikutaka kuyaacha. Mfaransa Marcel Mauss, mtaalamu wa jamii, mwaka 1924 aliandika makala fupi kuhusu neno hili hili. Yeye aliona kwamba zawadi kuu ya Wagermani wa kale ilikuwa kinywaji, pombe inayomwagwa pamoja, na anayepokea kikombe hana uhakika kama amepewa ukarimu au kifo. Ni wazo zuri na linaeleza mengi kuhusu hofu iliyomo ndani ya kupokea. Lakini kwa neno lenyewe mimi nasimama na dosis, kwa sababu ya Gegengift na kwa sababu ya majirani wote wale waliopita mlango huo huo wa duka la dawa. Mauss amepata mistari miwili chini kulia.

Jumamosi, Skandinavia

Hapa ndipo kile kichekesho cha "ndoa ni sumu" kinapokaa, kwa hiyo nimepafanya pawe wazi sana.

Kwa Kiswidi kuna maneno mawili yaliyokutana njiani. La kwanza ni la nyumbani: gifta, kuozesha, na gift, aliyeozeshwa, kwa maana ya kutolewa. Binti anatolewa na mtu mwenye haki ya kumtoa, na mtu huyo kisheria aliitwa giftoman. Sheria kuu ya Uswidi ya 1734 inaanza na sehemu ya ndoa, Giftermålsbalken, na giftoman yumo humo. Nilipowaeleza wanafunzi kutoka Tanga hawakuhitaji mfano, wakasema huyo ni walii. Ndiyo, kazi yake ni ile ile. Leo neno gift linamhusu mume na mke sawasawa, han är gift, hon är gift, na hakuna anayemtoa mwenzake, ila alama ya kutolewa bado imo.

La pili, sumu, lilikuja na meli. Wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya Wajerumani, kutoka Lübeck na miji ya jirani walikuwa wamejazana Visby, Stockholm na Bergen kwa karne kadhaa, na Kijerumani chao cha pwani kilimwaga maneno mengi sana kwenye lugha za kaskazini. Sumu ilikuwemo. Kwa hiyo njano ni mstari mzito kutoka shinani na nyekundu ni mstari mwembamba kutoka Ujerumani, vikakutana kwenye herufi nne zile zile. Dada mmoja wa Moshi anayefanya unesi Malmö, Uswidi, alinitumia voisi, amenihakikishia kwamba Waswidi wanayatamka yote mawili "yift", na kwamba kwenye kazi hakuna utata kwa sababu sumu ni nomino, ett gift, na ndoa ni sifa. Halafu akaongeza kitu ambacho sikuwa nimekipa nafasi: kila mwezi analipa avgift ya kitu fulani, anaandika utgifter zake, kazini anapewa uppgift. Ada, matumizi, kazi ya kufanya, zote zina gift ndani na zote ni kutoa. Nimeziongeza kwa kijani. Sumu ikimtokea mtu anapigia Giftinformationscentralen, Denmaki ni Giftlinjen.

Waislandi ni tofauti, na nawapenda kwa hilo. Kwao gifta nomino ni bahati, neema aliyopewa mtu, gifta kitenzi ni kuozesha, na sumu imebaki eitur, neno la zamani la Kigermani. Hilo eitur lina habari zake. Kiingereza cha kale kilikuwa na ator, sumu, na buibui aliitwa attorcoppe. Denmaki na Norwei wanamwita edderkop na edderkopp mpaka leo, sumu yake imo kwenye jina, na Kiingereza kimebakiza kipande cha mwisho tu, cob ya cobweb, utando wa buibui. Kijerumani nacho wanalo neno hilo, Eiter, ila baada ya Gift kuchukua kazi ya sumu, Eiter ikabaki kuwa usaha. Kwa wanafunzi wa unesi hilo ni la kukariri leo leo: Eiter ni usaha wa kidonda, Gift ni sumu.

Jumapili, matawi madogo

Haraka haraka. Uholanzi: kwenye fomu za kodi utakuta giften, ni michango uliyotoa, usiogope. Giftig ni yenye sumu, na pia mtu mwenye hasira. Kiafrikana: gif ni sumu, na gifblaar, jani la sumu, ni mmea wa Afrika Kusini unaochipua mapema kabla ya mvua, wakati majani mengine bado, ng'ombe wanaukimbilia na unawaua.

Kiestonia walichukua Gift ya Kijerumani wakaitamka kihvt. Bado linaweza kuwa sumu, ingawa neno lao la kawaida ni mürk, lakini mtaani kihvt ni kitu kikali, kizuri sana. Sisi tunasema "jamaa ni hatari", "hiyo ngoma noma", wao wanasema kihvt. Darasa zima limelishika hilo kuliko lolote.

Na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya mashariki, ambayo ni Kigermani kwa mifupa, neno lake la kawaida la sumu ni sam, kutoka Kiebrania. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, Kiarabu kina samm au summ, na huko ndiko sisi tumepata sumu. Kwa hiyo kuna lugha moja ya ukoo wa Kijerumani ambayo sumu yake ni binamu wa sumu yetu. Nilikuwa nimepanga Kiswahili kiwe maelezo tu pembeni, sasa kimeingia kwenye mti kwa haki yake. Mstari mwembamba, rangi nyekundu.

Jumanne, darasani

Nimebandika rasimu kwenye karatasi za A4 nne zilizounganishwa kwa selotepu. Mjadala uliowaka zaidi ulikuwa wa majina. Kusini mwa Afrika na Nigeria Gift ni jina la kawaida, na huku kwetu wapo, kama tulivyo na kina Zawadi. Mshambuliaji wa Nigeria, Gift Orban, alijiunga na Hoffenheim ya Ujerumani Januari 2025, kwa hiyo mashabiki wa Kijerumani walikutana na jina hilo uwanjani. Darasa limekubaliana na mimi nimeafiki, kwamba mtu mwenye jina hili hana haja ya kulibadilisha, aeleze tu kwa sentensi moja limetoka wapi, na sentensi hiyo tumeiandika kwa Kijerumani chini ya chati: Mein Name kommt aus dem Englischen und bedeutet Geschenk. Geschenk ndilo neno lao la zawadi, limetoka kwenye schenken, ambalo zamani lilikuwa kumimina kinywaji, kwa hiyo Mauss na pombe yake hakuwa mbali sana.

Waongoza watalii wao wameomba ile misemo. "Darauf kannst du Gift nehmen", kwa hilo unaweza kumeza sumu, maana yake ni hakika kabisa. Wanataka kuitumia kwa mgeni anayeuliza kama simba wataonekana Ngorongoro. Nimewaambia waisubirie mpaka wamwone simba mwenyewe.

Alhamisi, hali ya sasa

Fonti ilisumbua, zile herufi kama þ na ā zilikuwa zinatoka visanduku vitupu, nimehamia Gentium na zote zimekaa. Njano ya ndoa ilikuwa haisomeki kwenye karatasi nyeupe, nimeikoleza iwe rangi ya manjano ya unga. Steshenari wameniambia A1 wanaweza kutoa ila niwapelekee PDF iliyobanwa, ninayo. Nimetengeneza na ndogo ya WhatsApp kwa wale ambao wameshasafiri, na kadi ya mfukoni kwa manesi yenye maneno sita tu: Gift, giftig, Gegengift, Dosis, Eiter, Mitgift.

Imebaki sauti. Kiswidi nimepata kutoka Malmö, Kijerumani narekodi mwenyewe, Kidenmaki nimeahidiwa wiki ijayo, Kiaislandi na Kiestonia bado natafuta mtu. Kama una ndugu Reykjavík au Tallinn anayeweza kutamka gifta, eitur na kihvt polepole kwenye simu, anitumie, nitaunganisha kwenye PDF kabla ya kupeleka kuchapa.